Andika unavyosikia

Alhamisi, 10 Julai 2025

Juzi Jumanne nimesema uongo pale feri, mbele ya beseni la pweza, na tangu siku hiyo sijapata usingizi wa maana.

Mnaonifahamu mtacheka. Mtu aliyemaliza miaka 29 ya uandishi wa habari akizozana na wahariri, kwamba ukiona maiti tisini huandiki "mamia", kaja kunaswa na neno moja la sokoni.

Nilikuwa nimeinama nachagua pweza (tangu nistaafu mama watoto amegundua kwamba nina miguu, kila siku natumwa). Muuzaji akanikazia macho, kisha akasema, "Kaka, si wewe uliyeniuliza Hasani linaandikwaje?"

Niliitambua sauti kabla ya sura. Kilambo, mpakani na Msumbiji, siku za mwisho za Machi 2021. Mji wa Palma, kule Msumbiji, ulivamiwa Jumatano ya tarehe 24, nasi wa upande huu wa mto Ruvuma tukawa tunawawahi waliofanikiwa kuvuka, wengine na kanga moja tu mwilini. Yeye alikuwa amepotezana porini na mwanawe wa miaka 6. Alikuwa analia kwa kwikwi. Nikamwuliza jina la mtoto, akalitaja. Nikamwuliza linaandikwaje. Akanyamaza kidogo, nikamwuliza tena.

Nilikuwa na sababu, jamani. Ng'ambo kule Hasani ni Assane, Mohamedi ni Momade. Anayepitisha kidole kwenye orodha kule Pemba ya Msumbiji atamruka mtoto aliyeandikwa kwa herufi zetu. Hilo nilifundishwa na Rusumo, mpakani na Rwanda, mwaka 1994, mwishoni mwa Aprili, Wanyarwanda karibu 250,000 walipovuka daraja kuingia Ngara kwa siku moja na usiku wake. Nilijaza kurasa za majina kwa masikio yangu ya Kimakonde, R na L kwangu zote mamoja, na mtu aliyekuwa akiunganisha watoto na wazazi akanirudishia karatasi zangu kwa upole kabisa. Hakuna jina alilolitambua. Tangu hapo nikawa nauliza herufi hata kwa mtu anayetoka damu.

Lakini yeye hakuijua Rusumo yangu. Alifuta kamasi kwa ncha ya kanga, akaniambia, "Mimi sijasoma, kaka. Andika unavyosikia."

Sasa turudi Jumanne. Akaniuliza, "Lilitoka?"

"Nini?"

"Jina la mtoto. Gazetini."

Nikasema, "Lilitoka."

Basi, ni hilo tu. Nimelirudia kichwani nikiwa kwenye bodaboda, nikiwa bafuni, nikiwa msikitini hadi nikasahau niko rakaa ya ngapi. Ningeweza kusema "sikumbuki". Ningeweza kukohoa. Nilisema "lilitoka" haraka, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

Na hapo ndipo akanieleza kwamba mtoto alipatikana. Yu hai! Aliokotwa na watu waliokuwa wakikimbilia kusini, sasa ana miaka 10 na yuko Pemba kwa mjomba wake. Nilitaka kushangilia palepale. Ila mtoto hataki kuja. Kwenye simu anamwambia mama yake, "Wewe ulinikimbia." Kila wakiongea, ni hilohilo.

"Kwa hiyo nitafutie hilo gazeti," akasema. "Nimpelekee. Aone nilimtafuta mpaka gazetini."

Nikajibu, "Nitaangalia, dada." Akanifungia pweza wangu, akaongeza mkia mmoja, akakataa kupokea hela yake.

Wiki hii mtoto wa dada mkubwa katoka jando, ndugu yangu wa Masasi kashinda ile kesi ya shamba, na barua ya mafao niliyoisubiri miaka miwili imefika. Vyote vimepita kama upepo.

Niwaambie kilichotoka gazetini. Nilituma aya kumi na mbili. Siku zile dunia nzima macho yalikuwa kwenye hoteli ya Amarula, ambako wafanyakazi wa kigeni walizingirwa, na kwenye mradi wa gesi wa Afungi, jirani na Palma. Mhariri alinipigia mara tatu kuuliza kama nimeona Mzungu yeyote akivuka. Yule mama alibaki nusu sentensi: baadhi ya familia zimepotezana na watoto wao. Nililiona gazeti, nikalikunja. Sikupiga simu kulalamika. Simu niliyopiga wiki ile ilikuwa ya kudai hela ya petroli.

Keshokutwa ni tarehe 12 Julai. Kila mwaka siku hiyo huwataja moyoni wanahabari Hos Maina, Anthony Macharia, Dan Eldon na Hansi Krauss, waliouawa na umati Mogadishu mwaka 1993 wakiwa kazini. Mimi nilikuwa bado chuoni. Maina na Macharia walikuwa Wakenya, watu wa jirani tu, ndiyo maana mama yangu aliposikia naitaka kazi hii alisusa kula siku mbili. Majina yao nayajua hadi herufi. Walikuwa wamekwenda kupiga picha nyumba iliyoshambuliwa asubuhi ile na helikopta za Marekani, makumi ya Wasomali wakafia humo. Usiku wa jana nilijaribu kutaja jina la Msomali mmoja tu aliyekufa ndani ya nyumba ile. Sina.

Asubuhi nikashusha sanduku la madaftari. Mchwa wameila Ngara yote, imebaki jalada na unga. Daftari la Goma, kule Kongo, la 2012 ni zima, na mama watoto akaliwahi yeye. Ukurasa wa tarehe 20 Novemba, siku waasi wa M23 walipoingia mjini, una betri, sabuni, deni la dereva, na bei ya nyanya imepigiwa mistari miwili. Alicheka mpaka akakaa chini. "Baba watoto! Mji unatekwa, wewe uko kwenye nyanya?" Nikamweleza kwamba nyanya ndiyo habari yenyewe, mchuuzi wa sokoni hunusa vita kabla ya jemadari. Akazidi kucheka. Nikajikuta nacheka na mimi, mara ya kwanza tangu Jumanne, tukasoma hadi adhuhuri na uji wa korosho ukashika moto jikoni.

La 2021 lilikuwa chini kabisa. Ukurasa upo. "Assane / Hasani (H?), miaka 6, fulana nyekundu, kovu gotini." Mwandiko wangu, na doa la maji nisilojua ni la nini. Mstari unaofuata, bila hata kuruka nafasi: "petroli lita 20".

Mama watoto kasema niukate kwa mkasi hapo juu ya petroli, nimpelekee. Mkasi ameuweka mezani tangu mchana. Uko palepale. Nikimpa ukurasa, itabidi nimweleze gazeti liko wapi.

Halafu mikorosho ya Naliendele imeanza kuchanua, na kwenye miche ya upande wa barabarani nimeona weupe ambao sitaki kuuita ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho. Yule kijana mwenye mashine ya kupuliza salfa amechukua nusu ya hela, na tangu Saba Saba hapokei simu.