Mkapumzike Kidogo

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Neno letu wiki hii ni Marko 6:30-34. Mitume wamerudi kutoka walikotumwa wawili wawili, wana mengi ya kusimulia. Na kuna msiba: Yohana Mbatizaji ameuawa, na Mathayo 14:13 inatuambia kwamba Yesu alipozisikia habari hizo ndipo alipopanda mashua. Watu wanaingia, wanatoka, hata kula hakuna nafasi. Hapo Bwana anawaambia: "Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo."

Andiko hili nimelipita mbio miaka mingi, nikikimbilia mikate mitano na samaki wawili. Mwaka huu limenishika. Bwana hakuwaambia wamalize kwanza. Wenye shida walikuwa bado wamejaa pale. Wala hakuwaambia wajinyooshe palepale walipo, aliwatoa, akawasafirisha.

Mimi nilikuwa muuza likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 kila mwaka. Kwa miaka minne mfululizo nilizipokea kwa fedha, nikabaki ghalani na daftari langu. Ada za watoto zilikuwa sababu ya kweli, na simnyoshei kidole mzazi anayefanya hivyo. Ila chini ya ada palikuwa na jambo ambalo sikuliungama: niliamini nikitoka mimi, ghala litavurugika. Nilijivika sifa ya mlinzi asiyesinzia wala kulala, na Zaburi ya 121 imempa sifa hiyo Mungu peke yake.

Mwezi uliopita mke wangu alikata tiketi mbili za Lushoto bila kuniuliza. Namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Pale Mombo basi liliacha barabara kuu, likaanza kupanda. Ni kilomita kama 33 tu, lakini kona kwa kona, mlima upande huu, korongo upande ule. Tulipofika Soni hewa ilikuwa imeshabadilika. Mke wangu akafungua kitenge chake, akanifunika nacho mabega kama mtoto. Sikumbuki mara ya mwisho kufunikwa. Nilifumba macho, machozi yakanitoka, wala sikujua nalia nini. Huenda ndiyo ile miaka minne.

Jioni ile simu iliita kutoka kazini: funguo za stoo ya nyuma ziko wapi? Kabla sijamaliza kujibu, nikasikia mwenzangu akisema, "Ninazo hapa." Simu ikakatwa. Nilikaa kitandani nimeishika, nimefarijika na kuumia kwa pamoja.

Turudi kwa mitume, maana mapumziko yao hayakuwa marefu. Umati uliwaona wakiondoka, ukazunguka kwa miguu, ukawatangulia. Waliposhuka, watu walikuwa wameshafika! Likizo yao yote ilikuwa ule mwendo wa mashuani. Na Yesu hakukasirika. Aliwahurumia, akaanza kuwafundisha mambo mengi. Nadhani ndiyo maana alisema "kidogo". Kwa hiyo wewe mwenye genge, mwenye bodaboda, usiyelipwa siku usipofanya kazi, usidhani neno hili ni la wenye mishahara tu. Safari ya siku moja kwenda kumsalimu mama kijijini, simu ikiwa imezimwa, nayo ni mashua.

Siku ya tatu tulikwenda Irente, pale jabali linapokatika ghafla. Chini kabisa palionekana mashamba ya mkonge na barabara ya Arusha, nyembamba kama uzi, malori yakitambaa juu yake bila sauti. Tulikaa kwenye jiwe tukila matunda damu. Baada ya muda mke wangu akanigeukia.

"Baba, mbona midomo inacheza? Unahesabu nini?"

Nilikuwa nahesabu malori, kama ninavyoyahesabu getini kila siku. Nilikuwa nimefika la kumi na moja. Nikaacha.