Tochi Iliyogeuka Buluu

Mama mmoja muuza samaki alimletea mjomba tochi yake pale Busia, upande wetu wa Uganda. "Afande, taa imekuwa buluu. Nikimulika, sato wangu wanaonekana wameoza." Mjomba alishastaafu jeshini zamani, lakini mjini hakuna aliyemwita jina jingine. Mimi nilikuwa likizo, nimetoka chuoni Kampala.

Akafungua kichwa cha tochi. Kile kidoa cha njano juu ya LED, kitaa chenyewe kidogo kinachowaka, kilikuwa kimebanduka nusu. Mjomba siku zote alikiona urembo tu. Akakitoa chote kwa ncha ya sindano, kikaja kizima, laini, kikamnata kidoleni. Alipounganisha betri, ikawaka buluu kali ya kuumiza macho.

Nikapata pa kusemea. LED yenyewe hutoa buluu tu, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 450 hivi. Ndani ya kile kidoa mna unga wa fuwele ya itriamu (metali), alumini na oksijeni, na hapa na pale atomu ya seriamu, metali nyingine, imekalia nafasi ya itriamu. Seriamu humeza sehemu ya buluu na kuitoa ikiwa njano. Rangi hizo mbili zikifika jichoni pamoja, tunaona nyeupe.

"Kumbe Mzungu anatuuzia buluu!" mjomba akasema.

"Mjapani," nikamwambia. Akasaki, Amano na Nakamura walipata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa LED ya buluu.

Nikachukua CD mbovu, maana uso wake hutenganisha rangi za mwanga, nikamwonyesha mwanga wa tochi nzima: rangi zimetandazika, kijani mpaka nyekundu, bila pengo. Kisha tyubu ya dukani: mistari imeachana, mmoja mwekundu, mwembamba kabisa. Huo ni wa yuropiamu, metali iliyo kwenye unga wa ndani ya tyubu, nanomita 611. Elektroni yake huruka ndani kabisa ya atomu, imekingwa na zile za nje, kwa hiyo fuwele haiisumbui. Ya seriamu hurukia nje, ikasukumwa na kila jirani, na rangi ikatawanyika.

Mjomba akafikiri. "Yaani huyu yuko handakini, yule yuko uwanjani."

Sijawahi kumsikia mhadhiri akilisema vizuri hivyo.

Mama wa samaki alikuwa amesimama muda wote huo. Mjomba alipomwekea LED nyingine na kumtajia bei, akanigeukia: "Mwanangu, na hayo maneno yako yote nayalipia mimi?"