Nilivyojifunza Fortran, na ushauri nilioukataa

Kila nilipotaja kwamba nataka kujifunza Fortran, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, hakukosekana mtu wa kuniambia niache. "Hiyo ni lugha ya babu zetu, imekufa zamani, wewe baki na Python." Ushauri huu uliniudhi na mpaka leo unaniudhi, kwa sababu wengi wanaoutoa hawajafungua ndani ya hicho wanachokisifia. Ukiiambia NumPy, maktaba ya mahesabu ya Python, ikutatulie mfumo wa milinganyo, kazi inapelekwa kwenye LAPACK, maktaba nyingine ambayo asili yake ni Fortran. WRF, programu ya utabiri wa hali ya hewa inayotumika nchi nyingi, sehemu yake kubwa ni Fortran. Kweli lugha hii ilitoka IBM mwaka 1957, kazi ya John Backus na wenzake, lakini haikuganda hapo. Toleo la 1990 liliibadilisha sura kabisa, na kiwango chake kipya ni cha 2023.

Mimi nilikuwa na sababu yangu. Kazi yangu ni maji, na nilikabidhiwa programu ya zamani ya kukadiria mtiririko wa mto kutokana na mvua. Faili moja refu la .f, yaani Fortran ya mtindo wa zamani, maelezo machache, aliyeliandika alishastaafu. Watu walikuwa wanaliendesha, wanachukua namba, wanaziweka kwenye ripoti. Sikuwa tayari kutia sahihi kwenye namba nisizojua zimepikwaje.

Ushauri wa pili mbaya: "Soma kwanza kitabu cha Fortran 77 mwanzo hadi mwisho, kariri GOTO na COMMON, ndipo uanze." GOTO ni amri ya kuruka kwenda mstari mwingine, COMMON ni ya kugawana vigeu kati ya sehemu za programu. Ukifuata ushauri huo utachoka kabla hujahesabu chochote. Nilianza na Fortran ya kisasa, faili za .f90, kwenye laptop ya mtumba yenye Linux. Kompaila, yaani kinachogeuza ulichoandika kiwe programu ya kuendeshwa, ni gfortran, ya bure. Ni kuandika tu sudo apt install gfortran, na bando dogo linatosha na linabaki.

Mbinu yangu ilikuwa kuandika programu fupi ambazo jibu lake tayari ninalijua, nione lugha itasemaje. Nyuzi 86 za Farenhaiti ni 30 za Selsiasi, hilo halina ubishi. Andika 5/9*(f-32) uone: inatoka sifuri. Tano na tisa zikiandikwa bila nukta ni namba kamili, na Fortran ikigawanya namba kamili kwa namba kamili inatupa desimali yote. Andika 5.0/9.0 na 30 inatokea. Jaribio ninalolipenda zaidi ni hili: chukua kigeu (jina linalotunza namba) cha aina ya real, yaani ya desimali, cha kawaida, kiwe sifuri, kisha ukiongezee 1 ndani ya kitanzi mara milioni ishirini. Kinafika 16777216 na hapo kinagoma. Unaongeza moja, hakisogei. Biti 24 za usahihi zimeisha. Tangu hapo kila hesabu yangu ya kujumlisha natumia real64, desimali ya biti 64 yenye usahihi mkubwa zaidi, kutoka moduli ya iso_fortran_env, na simwamini mtu anayejumlisha data za miaka mingi bila kuniambia usahihi aliotumia.

Na implicit none, tafadhali, juu ya kila programu. Usipoiweka, jina lolote linaloanzia herufi I hadi N linachukuliwa kuwa namba kamili, mengine yote desimali, bila kuulizwa. Ukikosea herufi, ukaandika mvau badala ya mvua, unapata kigeu kipya kimya kimya, na jibu la uongo juu yake.

Sasa lile faili la zamani. Nililipima kwa mtihani ambao hata mtoto wa sekondari angeusahihisha: nikazima uvukizi, nikamwaga milimita 10 za mvua siku ya kwanza, baada ya hapo kiangazi. Maji hayana pa kwenda zaidi ya mtoni. Yaliyotoka mtoni ukiyajumlisha na yaliyobaki ardhini lazima yawe 10. Hayakuwa 10. Maji yalikuwa yanapotea.

Nikachapisha kiasi cha kila hifadhi ya maji ya ardhini iliyomo kwenye programu, kila siku: ya juu, ya kati na ya chini kabisa. Ya chini ilikuwa inapungua vizuri, lakini ilichotoa hakikuonekana mtoni. Nikaenda kwenye mstari wa kujumlisha, nao ulikuwa sahihi: QMTO = QJUU + QKATI + QCHINI. Nikausoma tena, nikautoa kwenye karatasi, nikampa mwenzangu ausome. Sahihi. Ndipo nikaandika chini yake mstari wangu mfupi unaojumlisha vitu vilevile vitatu, nikachapisha majibu yote mawili kando kwa kando. Yalitofautiana! Hesabu ileile, vigeu vilevile, namba mbili.

Siri ni kwamba faili za .f zinasomwa kwa kanuni za enzi za kadi za matundu, kadi za karatasi zilizotobolewa ili kuingiza programu kwenye kompyuta. Kadi ilikuwa na safuwima 80. Amri zinakaa kuanzia ya 7 hadi ya 72, na kinachozidi hapo kompaila haikisomi. Mtu aliwahi kuuzungushia mstari ule IF (amri ya sharti) ndani ya IF, akausogeza kulia kwa nafasi ili upendeze, na "+ QCHINI" ikavuka mpaka. Kilichobaki ni hesabu halali kabisa, isiyo na maji ya ardhini. Na amri iliyokuwa ikitumika kuijenga programu ilikuwa na -w, inayozima maonyo yote. Kwa -Wall, inayowasha maonyo, gfortran ingesema siku ya kwanza.

Nikawinda mistari mingine inayozidi herufi 72 kwa amri moja ya Linux:

awk 'length > 72' mto.f

Nikakata ule mstari, nikauendeleza chini kwa alama kwenye safuwima ya 6. Milimita 10 zikarudi. Nilisimama nikatembea chumba kizima kwa furaha.

Nikijenga kwa majaribio sasa ni gfortran -Wall -g -fcheck=all kila mara; inakamata hata anayesoma nje ya mipaka ya jedwali. Kazi ikiwa safi naondoa ukaguzi, naweka -O2, inayoiongezea programu kasi. Kuhusu kasi, jambo moja tu: Fortran hupanga matriki kwenye kumbukumbu safuwima kwa safuwima, kwa hiyo kwenye a(i,j) kitanzi cha ndani kiwe cha i. Nilipogeuza vitanzi viwili tu, programu niliyokuwa naiacha nikaenda kula ilianza kumaliza nikiwa bado kitini.

Ukitaka kulihamisha faili la zamani, usibadilishe jina tu kutoka .f kwenda .f90. Kanuni za kusoma zinabadilika, na kila mstari wa maelezo unaoanza na C utaleta makosa. Mimi nahamisha sabrutini (vijisehemu vya programu vyenye kazi yake) mojamoja, na kila nikimaliza moja narudia mtihani wa milimita 10. Imebaki sehemu ya uvukizi, yenye GOTO zinazoruka mbele na nyuma, na hiyo nimeipangia likizo ya Pasaka.