Prosesa Iliyoanza Kukosea Hesabu

Nimebadilisha prosesa (chipu inayofanya hesabu zote) ya kompyuta yangu ya mezani, na ile niliyoitoa bado inawaka. Ukiirudisha kwenye soketi itaamka, itapakia mfumo endeshi na itakuruhusu kuandika barua bila tatizo lolote. Nalitaja hili mapema kwa sababu watu wengi, wakisikia kwamba prosesa imeharibika baada ya kuovaklokiwa, yaani kuendeshwa kwa kasi kuliko ile ya kiwandani, hudhani kuna siku ilitoa moshi ikazima moja kwa moja. Hii yangu haikufa hivyo. Ilianza kukosea hesabu kidogo kidogo, na kwa muda mrefu makosa yake yalisingiziwa vifaa vingine.

Kwa miaka kadhaa niliiendesha kwa gigahezi 4.3, ilhali kasi yake ya msingi ya kiwandani ni gigahezi 3.7. Kupandisha kasi kwenyewe si kazi: ubao mama, yaani bodi kuu inayobeba prosesa, hutoa mapigo ya msingi ya megahezi 100, prosesa huyazidisha kwa kizidishi chake, na ukikitoa kizidishi hicho 37 ukakipeleka 43 umemaliza. Kazi ni kuifanya prosesa isitetereke katika kasi hiyo, na hapo ndipo volteji huongezwa. Yangu ilidai volti 1.38 mahali ambapo 1.20 ingetosha. Nilijua tangu mwanzo kwamba volteji hiyo ingeipunguzia umri, na nilikubali, kwa kuwa kazi zangu za kuchakata video zilifaidika kila siku.

Dalili ya kwanza ilikuwa faili kubwa lililobanwa ambalo lilikataa kufunguka, likidai kwamba data yake imeharibika. Nililipakua upya, likakataa tena. Nilipojaribu baadaye, faili lile lile, bila kubadilishwa hata biti moja, lilifunguka vizuri. Baada ya hapo kivinjari kikaanza kufunga kurasa chenyewe, mchezo ukazima katikati bila ujumbe wowote, na mara chache ikaja skrini ya bluu ambayo Windows huonyesha inapoanguka. Aliyezoea kompyuta atashuku kwanza kumbukumbu ya RAM, kisha diski, kisha kisambaza umeme, na mimi nilifuata njia hiyo hiyo. MemTest86 ilikesha ikipima RAM bila kuona kosa. Diski nayo ilitoa ripoti safi.

Kilichofichua ukweli ni Prime95, programu iliyotokana na kazi ya kutafuta namba tasa za Mersenne (aina maalumu ya namba tasa), ambayo wapenzi wa kuovakloki wameifanya kipimo chao kwa sababu hufanya hesabu nzito mno na kujikagua wakati huo huo. Dirisha moja likasimama na kuandika kwamba ukadiriaji ulikuwa 0.5 wakati ulitakiwa uwe chini ya 0.4, yaani hesabu ilikuwa imekosewa. Madirisha mengine yaliendelea. Nilianzisha upya, na kosa likatokea tena kwenye kiini kile kile, yaani moja ya sehemu za prosesa ambazo kila moja hufanya hesabu zake. Nikarudisha mipangilio yote ya kiwandani, na hata hapo kiini hicho kikashindwa, ingawa kilichukua muda mrefu zaidi. Nilipoishusha kasi chini ya ile ya kiwandani, makosa yakatoweka kabisa. Kwangu huo ulikuwa ushahidi wa kutosha, kwa kuwa RAM mbovu au diski mbovu haina sababu ya kuchagua kiini kimoja na kupona kizidishi kinaposhushwa.

Sababu yenyewe inaeleweka ukitazama hesabu ya nguvu. Umeme unaotumiwa na transista, swichi ndogo mno za ndani ya prosesa, zinapowaka na kuzima hulingana na kasi, na hulingana pia na mraba wa volteji. Kutoka volti 1.20 hadi 1.38 ni ongezeko la asilimia 15, ambalo likipandishwa kuwa mraba huwa asilimia 32. Ukizidisha na kasi iliyoongezeka kwa asilimia 16, unapata umeme uliozidi kwa takriban asilimia 54. Kwa maneno mengine, nilikuwa nikilipa nyongeza ya zaidi ya nusu ya umeme wa awali ili nipate nyongeza ya chini ya sehemu moja ya tano ya kasi. Joto hilo lote hutokea katika kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na kipozeo kizuri hulipunguza tu bila kuiondoa volteji iliyolisababisha.

Joto na mkondo mkubwa wa umeme hufanya jambo ambalo halionekani kwa macho: elektroni zinazopita katika nyaya nyembamba za ndani ya prosesa husukuma atomi za metali yenyewe, polepole, hadi mahali pengine waya unakonda na pengine unavimba. Mhandisi James R. Black alitoa mlinganyo wa uchakavu huu mwishoni mwa miaka ya 1960, na unaonyesha kwamba umri wa waya hupungua haraka mkondo na joto vinapopanda. Ndiyo sababu mojawapo iliyofanya IBM kutangaza mwaka 1997 nyaya za shaba badala ya alumini, kwa kuwa shaba huvumilia zaidi msukumo huo. Upande wa transista nako, volteji kubwa huchosha tabaka jembamba la kuhami, na kila transista huhitaji volteji kubwa zaidi ili iwake kwa wakati. Kiini kinachochelewa hata kwa sehemu ndogo sana ya sekunde hakitoi ujumbe wa kuchelewa. Hutoa jibu lisilo sahihi.

Hilo ndilo lililonisumbua kuliko gharama ya prosesa mpya. Mwaka 2021 wahandisi wa Facebook walieleza kisa cha prosesa katika vituo vyao vya data, ambayo haikuwa imeovaklokiwa na mtu, ambapo kiini kimoja kilipoulizwa sehemu kamili ya 1.1 kwa kipeo cha 53 kilijibu sifuri, wakati jibu ni 156. Kwa kuwa hesabu hiyo ilitumika kujua ukubwa wa faili, faili lenye data lilihesabiwa kuwa tupu na likapotea bila onyo. Nilipokisoma kisa hicho nilifikiria kila kitu nilichokihifadhi tangu dalili zianze: video nilizozichakata, kumbukumbu nilizozibana, nakala nilizozihamisha kutoka diski moja kwenda nyingine. Skrini ya bluu inaudhi, lakini angalau inakwambia kuna tatizo.

Kubadilisha kwenyewe kulihitaji maandalizi zaidi kuliko nguvu. Prosesa niliyoichagua hutumia soketi ile ile lakini ni ya kizazi cha baadaye, kwa hiyo BIOS, programu ya ubao mama inayoiamsha kompyuta, ilibidi isasishwe wakati ile ya zamani ingali ndani, maana ubao mama kama wangu, usipoitambua prosesa, hauwaki hata ukakupa nafasi ya kuusasisha. Niliisasisha kwa kasi iliyoshushwa, hali pekee niliyoiamini. Kisha nikaandika kwenye karatasi ufunguo wa urejeshaji wa BitLocker, mfumo wa Windows wa kusimba diski, kwa sababu diski yangu imesimbwa na siri zake zinalindwa na sehemu ya usalama iliyomo ndani ya prosesa. Ushauri huu nautoa kwa msisitizo: ukiitoa prosesa, siri hizo huondoka nayo, na bila ufunguo ule diski nzima itabaki imefungwa.

Kipozeo nacho kina adabu yake. Prosesa ambazo pini zake ziko kwenye tumbo lake zinaweza kung'oka pamoja na kipozeo ikiwa pesti ya joto, ile inayopakwa kati ya prosesa na kipozeo, imekauka, na pini zikapinda. Niliiacha kompyuta ifanye kazi hadi ikapata moto, nikaizima na kuchomoa umeme, nikagusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli, kisha nikakizungusha kipozeo kushoto na kulia kabla ya kukiinua. Pesti ya zamani ilikuwa imegeuka kama udongo mkavu. Niliifuta kwa spiriti ya isopropili, nikalinganisha pembetatu ya dhahabu iliyo kwenye kona ya prosesa mpya na alama ya soketi, na prosesa ikaingia yenyewe bila kusukumwa. Ikihitaji kusukumwa, kuna pini iliyopinda. Skrubu nilizikaza kwa mshazari, kila moja kidogo kidogo, ili kipozeo kikae sawasawa.

Ilipowaka, ubao mama uliniuliza kama uifute sehemu ya usalama kwa kuwa umeona prosesa mpya, nikakubali, na ufunguo ule wa karatasini ukatumika. Kabla ya hapo nilikuwa nimeifuta mipangilio yote ya BIOS, maana sikutaka volti 1.38 zilizohifadhiwa humo zikutane na prosesa mpya.

Sioni haya kusema kwamba napenda kuovakloki, na naielewa furaha ya waliopata Celeron 300A, prosesa ya Intel, mwaka 1998, wakaipandisha kutoka megahezi 300 hadi 450 kwa kubadilisha tu mapigo ya msingi kutoka 66 hadi 100. Faida ya namna hiyo haipo tena. Prosesa za sasa hujipandisha kasi zenyewe kadiri joto na umeme vinavyoruhusu, na kiwanda kimeshachukua karibu nafasi yote iliyobaki. Hii mpya itabaki ilivyo.

Prime95 imepita bila kosa kwenye viini vyote, na sasa nalinganisha mafaili yangu na nakala za zamani zilizofanywa kabla ya dalili, kwa kupima muhtasari wa kila faili, namba ambayo hubadilika faili likibadilika hata biti moja. Picha ziko salama zote. Katika kumbukumbu zilizobanwa nimekuta kadhaa zisizofunguka hata kwa prosesa nzima, nami nazitengeneza upya kutoka mafaili asilia. Folda ya video bado. Prosesa ya zamani nimeiweka kwenye boksi lake na kuandika juu yake kwa kalamu nene kwamba inakosea hesabu na isiuzwe wala kupewa mtu.