Michanga Miwili: Kunduchi na Mbudya

Nilishuka kwenye daladala pale Mtongani, nikadaka bodaboda hadi soko la samaki la Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam. Ilikuwa siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Kufika saa nne, maji yalikuwa yamekupwa mbali na ngalawa zimelalia ubavu.

Nilichota mchanga nikautia kwenye chupa. Ni wa rangi ya kahawia hafifu, punje zake ngumu, zinang'aa kama kioo kilichosagwa. Hizo zimezaliwa bara. Mvua za masika humomonyoa vilima, mito kama Tegeta na Mbezi huburuta mchanga hadi inapoingia baharini, na mawimbi hupokea mzigo. Upepo wa kusi ukivuma, wimbi huja mshazari, hupandisha punje ufukweni, kisha maji hurudi moja kwa moja baharini. Kila wimbi, punje imesogea kaskazini kidogo. Kaskazi ikiingia, baadhi hurudishwa.

"Shikamoo mzee," nilimwamkia mvuvi aliyekuwa akishona nyavu. Nilipomuuliza mbona minazi imebaki mizizi nje, alinionyesha kwa kidevu upande wa bara. "Mchanga unachimbwa mtoni, mwanangu. Huku utafika upi?"

Jibu lake lilinikaa moyoni. Ufukwe si kitu kilichowekwa pale kikatulia. Ni mchanga ulio safarini, na usipoletwa mwingine bahari inakula ardhi. Malori yanayochimba mitoni yanajenga nyumba zetu, najua, lakini yanaibomoa Kunduchi. Ukuta wa mawe nao hauponyi: unaoingia baharini hukamata mchanga upande wa kusini, jirani wa kaskazini akaliwa zaidi.

Boti ikanivusha hadi Mbudya, kisiwa kilichotengwa kuwa hifadhi ya bahari tangu 1975. Huko mchanga ni mweupe hadi unaumiza macho, na hakuna mto. Umetokana na matumbawe na makombe yaliyosagika, na sehemu yake imepita tumboni mwa pono. Samaki huyo huguguna matumbawe kwa mdomo wake mgumu, akameza, akautoa mchanga laini.

Mchana nililetewa samaki wa kukaanga na ndimu. Nikakamulia ndimu kwenye mchanga wa Mbudya: vipovu vidogo vikachemka, maana matumbawe na makombe ni chokaa, na chokaa haipatani na uchachu. Nikafungua chupa, nikakamulia ule wa Kunduchi, nikainama kutazama. Haukutoa hata povu moja.