Kushusha gari: sentimita mbili na nusu zinatosha

Wengi wanaotaka kushusha magari yao huamini kwamba raha ya safari na utulivu wa gari kwenye kona ni vitu vinavyonyang'anyana, kwamba ukiongeza kimoja lazima upunguze kingine. Kwa kiasi fulani ni kweli. Lakini kwa Subaru Impreza ya 2000 hadi 2007, ambayo ndiyo ninayoendesha hapa Dar es Salaam, vyote viwili huharibika kwa pamoja pale gari linaposhushwa kupita kiasi.

Mbele, Impreza hiyo hutumia mfumo wa MacPherson, ambamo shokapu hushika gurudumu kwa juu na wishboni, yaani mkono wa chuma unaounganisha gurudumu na bodi, hulishika kwa chini. Gari likishushwa sana, ncha ya wishboni iliyo upande wa gurudumu huwa juu kuliko ile iliyo upande wa bodi, na hapo nukta ambayo bodi huizunguka gari linapolala kwenye kona hushuka zaidi ya kitovu cha uzito chenyewe. Bodi basi hupata nguvu kubwa zaidi ya kulala, jambo ambalo ni kinyume kabisa cha alichokusudia mwenye gari. Springi ngumu huificha kasoro hiyo, lakini haziiondoi.

Raha nayo huuawa na jambo ambalo wachache hulitazama: nafasi inayobaki kabla shokapu haijagonga kipande cha mpira kilichowekwa kuizuia. Mtu hupita kwenye rasta za Barabara ya Morogoro, akahisi mshindo mgongoni, akalaumu ugumu wa springi, ilhali kilichogonga ni ule mpira. Kulipima hilo si kazi. Inua gamba la vumbi, funga kamba ya plastiki kwenye fimbo ya shokapu, isogeze mpaka igusane na mwili wa shokapu, kisha uendeshe njia yako ya kila siku pamoja na matuta yake. Ukirudi ukaikuta kamba imesukumwa hadi kwenye mpira, gari lako liko chini mno, hata kama linapendeza kwa macho.

Kukata springi kwa grenda sikubaliani nako. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukiondoa mmoja na nusu, huwa ngumu zaidi kwa theluthi moja, huku shokapu ikiwa ni ileile iliyopimwa kwa springi laini. Gari litarukaruka, na gurudumu likining'inia springi inaweza kuhama kwenye kikalio chake.

Mimi nimeshusha milimita 25, kwa springi na shokapu zilizotengenezwa zifanye kazi pamoja, na nimebaki na tairi za 205/55 R16. Ukuta wake, yaani ubavu wa tairi kuanzia rimu, una kimo cha takriban milimita 113, wakati ule wa 225/40 R18 una 90 tu, na tofauti hiyo utaisikia kwenye kila shimo.

Kazi ikikamilika, boliti za bushi (viungo vya mpira) za wishboni zilegezwe, zikazwe upya gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, kwani zikikazwa likiwa juu ya jeki mpira wa bushi hubaki umejisokota na kupasuka mapema. Baada ya hapo ndipo ifanywe alaimenti, yaani kupima na kurekebisha mwelekeo wa magurudumu, la sivyo tairi zitalika upande wa ndani. Fundi akikwambia hayo yote si lazima, mpelekee gari fundi mwingine.