Shali Moja, Kijani Mbili

Jumapili, usiku

Leo nimekaa mbele ya kompyuta tangu alasiri mpaka giza lilipoingia, nikishughulika na picha moja tu. Ni picha ya dada yangu mkubwa akiwa amesimama kando ya dirisha, amejitanda shali ya kijani kinachokaribia buluu, huku mwanga wa asubuhi ukimwangukia shavu moja. Niliihariri juma lililopita kwa uangalifu, nikaridhika nayo, nikaihifadhi. Leo alipokuja kuiona niliifungua kwa programu ndogo ya kutazamia picha, kwa kuwa hufunguka upesi, naye akaitazama kwa muda kisha akaniuliza, "Mdogo wangu, mbona shali yangu imechakaa hivi?" Alisema kweli. Kijani kilikuwa kimepauka, na uso wake ulikuwa umekosa damu. Nikaifungua tena katika programu niliyoihariria, na rangi ikarudi. Faili lilikuwa lilelile na skrini ileile, lakini nilipoyaweka madirisha hayo mawili bega kwa bega, niliona shali mbili.

Baada ya yeye kuondoka nilirudi kwenye jambo ambalo nimelisoma mara nyingi lakini ambalo leo limeniuma kwa namna mpya: faili la picha halibebi rangi, linabeba namba. Kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, katika faili la aina ya JPEG ina namba 3, moja ya nyekundu, moja ya kijani na moja ya buluu, kila moja ikiwa kati ya 0 na 255, na namba hizo peke yake hazisemi ni nyekundu ipi wala kijani kipi. Ni kama kumwambia seremala akate ubao wenye urefu wa kumi pasipo kumweleza kama ni futi au mita. Kinachokamilisha maelezo ni profaili ya rangi iliyopachikwa ndani ya faili, ambayo huieleza programu namba hizo zilipimwa kwa kipimo gani. Programu inayoiheshimu huisoma, huisoma pia profaili ya skrini, kisha hubadilisha namba ili jicho lipate rangi iliyokusudiwa. Isiyoiheshimu huzitupa namba kwenye skrini kama zilivyo.

Picha yangu niliihifadhi katika Adobe RGB, nafasi ya rangi (yaani eneo la rangi ambazo namba hizo zinaweza kuzieleza) iliyotolewa mwaka 1998, ambayo ni pana kuliko sRGB, nafasi ya kawaida iliyopendekezwa na HP na Microsoft mwaka 1996 na kufanywa kiwango cha kimataifa mwaka 1999. Nyekundu ya msingi na buluu ya msingi katika nafasi hizo mbili ni zilezile. Tofauti yao kubwa imo katika kijani, ambacho Adobe RGB imekisogeza mbali zaidi. Kwa hiyo programu iliyozisoma namba zangu kana kwamba ni za sRGB ilipunguza nguvu ya rangi zote kwa kiasi fulani, lakini shali ndiyo iliyoumia kuliko kitu kingine chochote katika picha ile.

Kinachonikasirisha ni kwamba programu ile ilinyamaza. Ningeisamehe programu inayosema wazi kwamba haiwezi kusoma profaili, au inayoonyesha kwenye kona ya dirisha kwamba inakisia tu. Hii ilikisia kimyakimya na kuonyesha makisio yake kama ukweli, na anayetazama hana namna ya kujua. Muungano wa kampuni uitwao International Color Consortium ulianzishwa mwaka 1993 ili rangi iweze kusafiri kutoka chombo kimoja hadi kingine bila kupotea, na muundo wa profaili unaotokana na kazi yake uko wazi kwa kila anayetengeneza programu. Sioni udhuru wa kutokuusoma hadi leo.

Kimya hicho kimenigharimu. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikizipitia picha zangu kwa programu ileile ya kutazamia, nikiziona zimefifia, nikirudi kuziongezea ukolezo wa rangi na kuzihifadhi upya juu ya zile za awali. Leo nimezifungua baadhi yake mahali panapoaminika, nikakuta ngozi za watu zimekuwa za rangi ya chungwa na majani yanang'aa kama plastiki. Nilikuwa nikitibu ugonjwa ambao haukuwamo ndani ya picha. Zile nilizonazo kama picha ghafi, yaani kama kamera ilivyozinasa kabla ya kuhaririwa, nitaziokoa, lakini nyingine hazina nakala nyingine yoyote.

Wala kipima rangi, kifaa cha kupimia rangi za skrini, hakikunikinga. Nilipokinunua niliamini kwamba nikishakiweka juu ya kioo cha skrini na kuipima nyeupe yake hadi ifike karibu na kelvini 6500, nyeupe inayofanana na mwanga wa mchana, mambo yamekwisha. Sikuwa nimeelewa kwamba kifaa kile hufanya kazi mbili: kwanza huirekebisha skrini yenyewe, na faida ya marekebisho hayo huifikia kila programu, kisha huandika profaili inayoeleza tabia ya skrini baada ya kurekebishwa, na hiyo huzifaa tu programu zinazojishughulisha kuisoma. Nusu ya juhudi zangu, basi, ilikuwa ikipotelea katika programu zisizosoma chochote.

Mwaka huu nimeongeza skrini ya pili yenye upeo mpana wa rangi, na hapo kosa limegeuka. Programu ileile inayopausha picha za Adobe RGB kwenye skrini ya zamani huzifanya picha za kawaida za sRGB ziwake kwenye skrini mpya, hata mashavu yote yakaonekana kama yameunguzwa na jua. Ipo na programu nyingine ambayo husoma profaili ya skrini ya kwanza na kuendelea kuitumia hata ninapolisogeza dirisha kwenye skrini ya pili. Hiyo ni hatari zaidi, kwa sababu inaonekana kufanya kazi yake. Kuhusu printa nitasema machache tu leo: niliwahi kuiachia programu ibadilishe rangi, na kiendeshi cha printa nacho kikazibadilisha tena, karatasi ikatoka imejaa uzambarau.

Usiku huu nimetengeneza nakala ya sRGB kutoka faili la awali la biti 16, lenye ngazi nyingi zaidi za rangi kuliko JPEG, nikapachika profaili ndani yake, kisha nikaifungua kwa programu zote nilizonazo kwenye skrini ya zamani. Sasa zinakaribiana. Hata hivyo ilinibidi kulipa kitu, kwa kuwa sehemu ya kijani cha shali haimo kabisa ndani ya sRGB, na katika jaribio la kwanza mikunjo ya kitambaa penye rangi kali iliungana ikawa bapa moja lisilo na uhai. Nilirudi nyuma, nikapunguza ukolezo wa kijani peke yake kidogo kidogo kabla ya kubadilisha, mpaka mikunjo ikaonekana tena. Programu ndogo nimeiondoa kwenye kompyuta.

Lakini nimetazama rangi nyingi mno za kijani tangu alasiri, na sikumbuki tena ile ya kweli ilikuwaje. Nimemwandikia dada kumwomba aje kesho asubuhi na shali yenyewe, tuishike pale dirishani alipokuwa amesimama.